Uchovu sugu wa kazi kwa walimu wa maigizo

Uchovu sugu wa kazi kwa walimu wa maigizo ni hali ya kuishiwa nguvu, kuikinai kazi na kuona kwamba juhudi hazizai matunda, inayowapata walimu wanaofundisha sanaa za maonyesho shuleni au wanaolea vyama vya wanafunzi vya michezo ya kuigiza. Hutokana na mkazo wa kazi unaodumu muda mrefu bila kupata nafuu. Makala hii inahusu hasa walimu wa shule za sekondari nchini Kenya, ambako mashindano ya kila mwaka ya drama yamekuwepo tangu mwaka 1959, na njia ambazo mwalimu anaweza kutumia ili kudumu katika kazi hiyo hadi kustaafu.

Hali hii haifanani na uchovu wa kawaida. Mwalimu aliyekesha siku tatu kabla ya onyesho huchoka, lakini akishalala vizuri wiki moja hupata tena hamu ya igizo jingine. Mwenye uchovu sugu anaweza kupumzika likizo nzima na kurudi shuleni Januari akiwa vilevile. Mara nyingi kinachomlemea si wingi wa kazi wa siku hiyo, bali wazo la kuanza upya.

## Asili ya dhana

Kabla ya wanasaikolojia kulitumia, neno la Kiingereza linalotaja hali hii lilikuwa limeshaingia katika fasihi. Mwaka 1960 mwandishi Mwingereza Graham Greene alichapisha riwaya *A Burnt-Out Case*, inayomhusu msanifu majengo mashuhuri aliyepoteza hamu ya kazi na ya maisha, akakimbilia kituo cha wagonjwa wa ukoma huko Kongo. Jina la riwaya limetokana na wagonjwa ambao ukoma umekwisha nguvu mwilini mwao lakini umeshawaachia ulemavu. Mfano huo unafaa kukumbukwa: ugonjwa umepita, ila kilicholiwa hakirudi.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi New York, aliandika kuhusu hali hiyo kwa wafanyakazi wa kujitolea katika zahanati za bure, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Aliona kwamba walioathirika zaidi walikuwa wale waliojitoa kwa moyo wote. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, walitunga dodoso la kuipima hali hiyo, lililochapishwa mwaka 1981. Dodoso hilo linapima mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwatendea watu kama vitu, na kupungua kwa imani kwamba mtu anafanikisha jambo. Toleo maalumu kwa ajili ya walimu lilifuata.

Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo haikuitwa ugonjwa, bali tukio la kikazi linalotokana na mkazo sugu kazini ambao haukudhibitiwa. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Kama chanzo kiko kazini, basi kumwambia mwalimu ajikaze au anywe maji mengi hakutoshi. Kazi yenyewe lazima iangaliwe.

## Mwaka wa mwalimu wa drama nchini Kenya

Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vya Kenya lilianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni, likiwa shughuli ya shule chache zilizoigiza tamthilia za Kiingereza. Baada ya uhuru lilipanuka likachukua michezo iliyotungwa na Wakenya wenyewe, na leo linajumuisha tamthilia, ushairi wa kikundi na wa mtu mmoja, masimulizi, ngoma za kubuni, vichekesho na filamu. Shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Ngazi ya kitaifa kwa kawaida hufanyika Aprili, na washindi wamekuwa wakialikwa kuigiza mbele ya Rais.

Kwa mtazamaji hayo ni majuma machache ya furaha. Kwa mwalimu hesabu ni nyingine. Muhula wa kwanza unaanza Januari, na mashindano ya awali yako karibu mno, kwa hiyo skripti inapaswa kuwa tayari mwaka uliotangulia. Mazoezi hufanyika baada ya vipindi, saa za michezo, Jumamosi, na katika shule za bweni hata baada ya chakula cha jioni, wakati wenzake wamekwenda nyumbani. Kila kikundi kinachopita ngazi moja kinaongezewa majuma ya mazoezi. Hii ni moja kati ya kazi chache ambamo zawadi ya kufaulu ni kazi zaidi, na kikundi kinachofika ngazi ya taifa kinamla mwalimu likizo yake ya Aprili. Mara nyingi mwalimu huyohuyo ndiye anayetazamiwa kushughulikia Tamasha la Muziki katika muhula wa pili.

Wakati huohuo yeye ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, au Kiswahili, mwenye marundo ya insha za kusahihisha. Katika mfumo wa 8-4-4 drama haikuwa somo la mtihani katika KCSE. Ilihesabiwa kuwa shughuli ya nje ya darasa, na saa zake hazikuonekana kwenye ratiba. Mwalimu aliyefundisha vipindi 26 kwa juma na kuongeza saa 12 za mazoezi alihesabiwa sawa na aliyefundisha vipindi 26 na kwenda zake.

Tena, mwalimu wa drama hubeba kazi ambazo katika jumba la maonyesho zingegawanywa kwa watu wengi: mwandishi, mwelekezi, fundi wa maleba, seremala wa jukwaa, mweka hazina, dereva wa mazungumzo na wazazi, na mlezi anayehakikisha kwamba wasichana na wavulana 40 wamelala salama katika bweni la shule ngeni. Hilo la mwisho ndilo linalonyima usingizi. Igizo likiharibika watu husahau. Mtoto akipotea safarini hakuna anayesahau.

## Kwa nini kazi hii huchosha kwa namna yake

Mwaka 1983 mwanasosholojia Mmarekani Arlie Hochschild alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege na watoza madeni, akaeleza dhana ya kazi ya hisia: kazi ambayo malipo yake yanadai mtu aonyeshe hisia fulani, awe nazo au asiwe nazo. Alitofautisha kuigiza kwa juujuu, ambako mtu hubandika tabasamu, na kuigiza kwa kina, ambako hujitahidi kuiamsha hisia yenyewe ndani yake. Dhana hiyo ya pili aliipata kwa mwelekezi Mrusi Konstantin Stanislavski. Kwa hiyo sayansi ya uchovu wa kazi iliazima lugha yake jukwaani. Tafiti zilizofuata zimeonyesha mara kwa mara kwamba kuigiza kwa juujuu kazini huambatana na kuishiwa nguvu kuliko kule kwa kina.

Mwalimu wa drama hufanya kazi ya hisia maradufu. Anapaswa kuwa na ari ili wanafunzi wapate ari, na hapohapo anawafundisha kuzalisha hisia zao wenyewe. Akiingia mazoezini akiwa na huzuni ya nyumbani, kikundi kizima hupoa. Akijifanya mchangamfu miaka 10 mfululizo, siku moja hugundua kwamba hata harusini uchangamfu wake ni wa kubandika.

Jambo la pili ni kupanda na kushuka. Baada ya onyesho la mwisho kunakuja utupu ambao waigizaji wote wanaujua, na mwalimu huupata kila mwaka. Kisha waigizaji wenyewe huondoka. Mwanafunzi mwenye kipaji huonekana Kidato cha Pili, hulelewa miaka miwili, na anapokomaa Kidato cha Nne mzazi au naibu mwalimu mkuu humwondoa ili asome. Mwalimu wa hisabati naye hupoteza wanafunzi, lakini hakujenga nao kitu kimoja ambacho hakiwezi kusimama bila wao.

La tatu ni hukumu ya hadharani. Matokeo ya mtihani huja miezi baadaye na hugawanywa kati ya walimu wengi. Uamuzi wa majaji hutangazwa jioni hiyohiyo mbele ya umati, na wote wanajua ni igizo la nani.

### Kunyimwa usemi

Watafiti Maslach na Michael Leiter walitaja maeneo sita ambamo kutolingana kati ya mtu na kazi huzaa uchovu sugu: wingi wa kazi, mamlaka juu ya kazi, malipo, jamii, haki na maadili. Kwa walimu wa drama wengi husemea lile la kwanza, ilhali la pili na la sita huumiza zaidi. Mtu huweza kuvumilia kazi nyingi aliyoichagua. Hawezi kuvumilia kwa muda mrefu kazi ambayo wengine wanaikatakata.

Historia ya tamasha la Kenya ina mifano inayojulikana. Mwaka 2013 igizo *Shackles of Doom* la shule ya wasichana ya Butere, lililogusa ukabila na mgawanyo wa mali ya nchi, lilizuiwa kufika ngazi ya taifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru liruhusiwe. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na igizo *Echoes of War*, baada ya mahakama kuamuru tena kwamba wasizuiwe. Polisi walitumia mabomu ya machozi nje ya ukumbi, na wasichana wakaondoka bila kuigiza. Magazeti yaliandika mengi kuhusu wanasiasa. Kuhusu walimu wanaobaki na wanafunzi hao Jumatatu inayofuata, wakiulizwa mwaka ujao wataandika nini, yaliandikwa machache. Mwalimu anayejua kwamba mswada wake unaweza kuzuiwa huanza kujizuia mwenyewe kabla hajaandika, na hapo ndipo kazi inapopoteza ladha.

## Umri wa kazi

Nchini Kenya umri wa kustaafu kwa walimu wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 na kupewa chama cha drama mwaka huohuo anaweza kuwa na misimu 35 mbele yake. Hakuna anayeweza kuiendesha yote kwa mwendo wa msimu wa kwanza.

Utafiti unaosaidia zaidi kuhusu jambo hili haukuhusu drama. Michael Huberman wa Chuo Kikuu cha Geneva aliwahoji walimu 160 wa sekondari nchini Uswisi kuhusu maisha yao ya kazi. Aliona kwamba wengi hupita katika vipindi vya kuingia kazini kwa mshtuko, kutulia, kujaribu mambo mapya, kisha katikati ya safari kujiuliza kama walichagua sawa, na hatimaye ama utulivu ama uchungu. Jambo lililowashangaza wengi ni hili: waliofika mwisho wakiwa wameridhika hawakuwa wale walioongoza mageuzi makubwa ya shule nzima. Walikuwa wale waliokuwa wakichezea mambo madogomadogo darasani mwao mwaka baada ya mwaka, kama fundi anayerekebisha vifaa vyake. Waliobeba mageuzi makubwa walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuishia na uchungu.

Kwa mwalimu wa drama maana yake ni wazi. Kombe la taifa ni zuri, lakini si kitu cha kujengea miaka 35.

## Njia za kujikinga

Kupunguza ukubwa wa maonyesho. Shule nyingi hupeleka igizo, ngoma, ushairi na masimulizi kwa pamoja, zote chini ya walimu wawili. Kupeleka kazi mbili zilizoiva ni afadhali kuliko tano mbichi. Wapo walimu wanaopanga misimu kwa zamu: mwaka mmoja igizo kubwa, mwaka unaofuata masimulizi ya mtu mmoja na shairi tu. Mwalimu mkuu hunung'unika mwaka wa kwanza, kisha huzoea.

Kuwapa wanafunzi kazi halisi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuwa msimamizi wa jukwaa, kutunza orodha ya maleba, kuongoza mazoezi ya sauti na kushika daftari la mahudhurio. Haitafanyika vizuri kama ambavyo mwalimu angefanya, angalau mara ya kwanza. Mwalimu asiyeweza kuvumilia hilo atabaki akishona vifungo usiku hadi atakapostaafu. Vilevile chama kinapaswa kuwa na mlezi wa pili kutoka idara nyingine; walimu wa kemia wamewahi kuwa waelekezi hodari wa taa.

Kutunza ghala. Maleba, mapazia na skripti zilizohifadhiwa katika sanduku lenye kufuli huokoa majuma kadhaa kila mwaka. Ni jambo dogo na shule chache hulifanya.

Drama isiyo na onyesho. Mwalimu Mwingereza Dorothy Heathcote (1926–2011) alijulikana kwa kufundisha kwa maigizo ambayo hayakulenga jukwaa: mwalimu huingia katika uhusika pamoja na wanafunzi, na tatizo linalotatuliwa ndilo somo. Augusto Boal wa Brazili (1931–2009) aliendeleza ukumbi wa jukwaa-baraza, ambamo mtazamaji husimamisha igizo na kuingia kujaribu suluhisho lake. Njia zote mbili hazihitaji maleba wala basi. Kipindi kimoja cha namna hiyo kwa juma humkumbusha mwalimu kwa nini aliipenda kazi hii, pasipo jaji yeyote kukaa mbele. Huenda hii ndiyo kinga bora kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo inayotumiwa kidogo zaidi katika nchi ya mashindano.

Sauti. Walimu hupata matatizo ya sauti kuliko watu wa kazi nyingine nyingi, na mwalimu wa drama hupaza sauti uwanjani na katika kumbi za kulia zenye mwangwi. Ngoma ndogo, kengele au makofi ya mpangilio yanaweza kuchukua nafasi ya kelele. Maji ya kunywa karibu, mapumziko ya sauti baada ya mazoezi, na kutonong'ona kwa nguvu wakati koo limekauka husaidia. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya majuma matatu, daktari anapaswa kuiangalia koo.

Fedha. Mwalimu anayenunua rangi na vitambaa kwa mshahara wake huanza kwa hiari na kumalizia kwa kinyongo. Bajeti iandikwe na kupitishwa kabla ya mazoezi ya kwanza, kisichokuwemo kisiigizwe.

Siku iliyofungwa. Siku moja ya juma isiyo na mazoezi, hata msimu ukiwa umepamba moto, na majuma mawili baada ya mashindano bila neno lolote kuhusu mwaka ujao. Watafiti wa mapumziko, akiwemo Mjerumani Sabine Sonnentag, wameonyesha kwamba kinachorudisha nguvu si kuondoka kazini kwa mwili tu, bali akili nayo kuiacha kazi. Simu yenye kundi la wahusika wa igizo linalolia hadi saa sita usiku haimwachi mtu.

Kuwa na sanaa yako. Walimu wengi wa drama waliingia kazini kwa sababu waliigiza au waliandika. Baada ya miaka kadhaa huandikia mashindano tu. Anayeendelea kuandika hadithi yake, kuigiza na kikundi cha mtaani au kuimba kwaya ya kanisani bila kuwa kiongozi wake, ana kisima kingine cha kuchotea.

## Wajibu wa shule

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yaligundua kwamba hatua zinazomlenga mfanyakazi peke yake husaidia kwa muda mfupi zaidi kuliko zile zinazochanganywa na mabadiliko katika kazi yenyewe. Mwalimu mkuu anaweza kupunguza vipindi vya mlezi wa drama katika muhula wa kwanza, kumwondolea zamu za wikendi, kuhakikisha kwamba kila safari ina walimu wa kutosha wa kike na wa kiume, na kumbadilisha mlezi baada ya miaka kadhaa bila kumfanya aone kwamba ameshushwa. Hili la mwisho linahitaji busara. Kumnyang'anya chama mtu aliyekijenga kunaweza kumvunja sawasawa na kumwachia akibebe milele. Desturi nzuri ni mwaka mmoja wa kufanya kazi pamoja na mrithi.

## Uchovu sugu na sonona

Dalili za uchovu sugu na za sonona hufanana: kukosa usingizi, hasira za haraka, machozi yasiyo na sababu, kutojali. Kwa kawaida uchovu sugu hufungamana na kazi, na mtu bado hufurahia wajukuu, shamba au mpira. Sonona hufunika yote. Mtu aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya majuma mawili, au anayefikiria kujidhuru, anapaswa kwenda kituo cha afya bila kungoja msimu uishe. Sonona hutibika. Kuficha hali hiyo kwa kuogopa kuitwa dhaifu ni jambo la kawaida katika vyumba vya walimu, na katika hali hiyo pombe imewamaliza wengi waliokuwa na vipaji.

## Katika nchi nyingine

Nchini Tanzania sanaa za maonyesho ni somo la mtihani katika shule chache za sekondari. Walimu wake wamefunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na sasa kuitwa TaSUBa. Uganda ina mashindano ya shule ya muziki, densi na drama, yanayobebesha walimu mzigo unaofanana na wa Kenya. Nchini Marekani, ambako chama cha walimu na wanafunzi wa maigizo ya shule kilianzishwa mwaka 1929, shule nyingi humlipa mwalimu posho tofauti kwa igizo la baada ya masomo, ingawa malalamiko kuhusu saa ni yaleyale.

Mtaala mpya wa umilisi wa Kenya umeiweka tamthilia na filamu miongoni mwa masomo ya mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili za juu, ambazo zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Katika shule zinazotoa somo hilo, sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanywa jioni huingia kwenye ratiba na kuhesabiwa. Mashindano yenyewe bado hufanyika nje ya vipindi.